Shangazi Anazimika Mlimani

Jumatatu, 3 Machi

Shangazi amegoma tena. Safari hii kwenye mwinuko wa sokoni, amebeba viti vya harusi na hema juu yake. Kwanza anatetemeka, halafu anakohoa, halafu kimya. Nimekanyaga mafuta mpaka mguu umegusa bati — wapi. Wa nyuma wananipigia honi kama vile mimi ndiye niliyeujenga mlima. Nikangoja kidogo, nikawasha, akawaka bila kinyongo.

Baba ndiye aliyeipa pikapu hii jina la Shangazi, miaka hiyo, kwa sababu hufika ikilalamika na haiondoki mpaka ibembelezwe. Shangazi wa damu aliposikia alinuna mwaka mzima. Baba alipostaafu akanikabidhi, naitumia kwenye kazi yangu ya kukodisha viti na mahema. Bila Shangazi sina kazi. Ndiyo hali.

Jioni nikamweleza Baba. Akapunguza redio. Moto, mafuta, hewa, akasema, injini haina siri nyingine. Ikizima ghafla kama taa, tafuta moto. Ikififia kama mtu anayesinzia, tafuta mafuta. Inafifia, nikamwambia. Basi fuata mafuta, akasema, tangu yanapolala mpaka yanapoungua.

Nani wa kumbishia? Ameendesha lori la kubeba mafuta maisha yake yote ya kazi.

Baada ya kula akaniuliza gari lina nini. Nikamweleza upya. Akanijibu yale yale, neno kwa neno, hata ile ya kusinzia. Mimi nikacheka. Mama akakusanya vyombo.

Jumatano, 5 Machi

Fundi amekuja nyumbani. Tunamwita Taratibu, na jina limemkaa kama ovaroli yake. Kakagua plagi kwanza: moto upo. Halafu akachomoa mpira wa mafuta kwenye kabureta, akauingiza kwenye chupa, akaniambia piga stata. Mafuta yakatoka tone moja moja. Akatikisa kichwa. Yanafika kwa taabu, dada.

Filta ilipotoka ilikuwa na tope kama la mtaroni. Tumeweka mpya. Shangazi akapanda mwinuko wa sokoni na fundi nyuma, anaimba — Shangazi, siyo fundi.

Ila kilichonifurahisha ni Baba. Alisimama pale muda wote, mikono nyuma, na kila fundi aliponyoosha mkono, spana ilikuwa inamngoja. Namba sahihi, bila kuambiwa. Fundi akasema, Mzee, ungekuwa kijana ningekuajiri. Baba akamjibu, ungekuwa na haraka ningekubali.

Wakati wa kuagana akamuuliza fundi, mkeo hajambo? Fundi hajaoa. Tukacheka wote. Baba naye akacheka, lakini alichelewa kidogo.

Jumamosi, 8 Machi

Siku mbaya.

Viti vya msiba. Mama mmoja kafiwa na mume, maziko ni saa nane, nyumba iko juu kabisa ya kilima. Shangazi kanifikisha nusu, akazima. Nikangoja. Nikawasha. Hatua chache, akazima tena. Simu inalia — viti viko wapi, watu wamesimama juani.

Mwisho walishuka wenyewe. Waombolezaji. Wanaume wamevaa suti, akina mama wamejifunga khanga, wanateremka kilima kimyakimya, kila mmoja anachukua viti viwili, vitatu, anajitwika, anapanda. Hakuna aliyenisema. Bora wangenitukana. Mjane mwenyewe nilimkuta mlangoni, akaniambia pole mwanangu, umechoka. Yeye ndiye ananipa pole mimi!

Nimerudi nikienda kwa gia ya kwanza. Baba alikuwa ananingoja getini. Akaniuliza, umepandisha mlima? Sijapandisha, nikamwambia. Akanishika bega, akasema usijali, nitamwangalia vizuri zaidi.

Jumatatu, 10 Machi

Pampu. Fundi Taratibu kaifungua, akanionyesha ngozi yake ya ndani: imepasuka pembeni. Pampu ya namna hii hunyonya kama mtoto, anasema, mdomo ukiwa na ufa inavuta hewa badala ya maziwa. Kaweka nyingine. Kaangalia na mfuniko wa tangi, kama tundu la hewa limeziba. Halijaziba.

Nikamuuliza, ndiyo mwisho? Akasema Mungu akipenda. Sipendi fundi akimtaja Mungu.

Baba mezani: asubuhi nimeshamwangalia Shangazi, yuko sawa. Namwangalia kila siku kabla hamjaamka. Nilifurahi. Tangu astaafu alikuwa anaamka hana pa kwenda, anakaa amevaa viatu. Sasa ana kazi.

Mama aliinuka kufuata chumvi. Chumvi ilikuwa mezani.

Jumatano, 12 Machi

Kazima tambarare. Siyo mlimani — tambarare, hana mzigo, mbele ya duka la dawa. Nimelala juu ya usukani nikalia kama mjinga. Mtu akagonga kioo kuuliza kama naumwa.

Fundi kanivuta kwa kamba mpaka gereji. Akafungua kikombe cha chini cha kabureta, akamimina kilichomo kwenye chupa ya kioo, akaiweka juani kwenye ukuta. Tukakaa tunaitazama kama televisheni. Baada ya muda ikajigawa. Juu mafuta, rangi ya chai hafifu. Chini kitu cheupe, kimetulia.

Maji.

Akateremsha tangi zima. Maji yaliyotoka chini yalikuwa si ya kikombe, yalikuwa ya ndoo. Akalimwaga, akalirudisha, akanawa mikono taratibu, akafuta kila kidole. Dada, akasema, huu siyo unyevu. Unyevu hauji kwa ndoo. Haya maji yametiwa.

Yametiwa na nani?

Mimi nafuata mafuta tu, akasema. Watu wafuate wewe.

Alhamisi, 13 Machi

Nimekwenda kituo cha mafuta ninakojaza siku zote. Nilikwenda kwa vita. Nimewaita wezi mbele ya wateja. Msimamizi, mwanamke mtulivu mwenye kitambaa cha njano, hakuinua sauti. Akachukua fimbo ya kupimia, akaipaka ile dawa inayobadilika rangi ikigusa maji, akaizamisha kwenye tangi lao la chini mbele ya macho yangu. Rangi haikubadilika. Akaniambia, dada, tungeuza maji, hapa pangekuwa gereji. Uliza wenzako kama magari yao yanazima.

Hayazimi. Nimeuliza.

Nimeomba radhi. Nimeondoka nikitazama viatu vyangu.

Jioni nikamwambia Baba, Shangazi ana maji kwenye mafuta. Sijamwona amekasirika hivyo tangu nikiwa mdogo. Alisimama. Mtu anayetia maji kwenye mafuta hana utu, akasema. Akasimulia jinsi alivyowahi kukataa kushusha mzigo kwa sababu fimbo ilionyesha maji, bosi akimfokea na yeye amekaa juu ya bomba hataki kuondoka. Akataka twende tukamtafute huyo mtu sasa hivi.

Mama akasema, kaa, mume wangu. Kaa, nakuomba.

Ijumaa, 14 Machi

Ni Baba.

Nimemwona kwa dirisha la jikoni, jua ndiyo linatoka. Amevaa shati lililopigwa pasi, mikono imekunjwa vizuri. Ameshika kidumu na faneli, na juu ya faneli ametandaza kitambaa safi, maji yachujwe, uchafu usiingie. Anamimina ndani ya tangi la mafuta. Polepole. Kama anamlisha mtoto.

Nimetoka miguu mitupu. Baba, unafanya nini?

Akatabasamu. Namnywesha. Rejeta ikikauka mlimani injini inaungua. Na wewe kila siku uko milimani.

Nikasema kwa sauti ndogo — Baba, rejeta iko mbele.

Akatazama mbele ya gari. Akatazama faneli. Akatazama kidumu. Halafu nikauona uso wake ukielewa. Sitaki kuuona tena uso ule. Mtu aliyekaa juu ya bomba kwa sababu ya maji. Aliinamisha kichwa, akakunja kile kitambaa mara nyingi mpaka kikawa kidogo kabisa, akakitia mfukoni.

Usimwambie mama yako, akasema.

Sijaenda kazini. Harusi ya watu nimempa mwenzangu wa mtaa wa pili aihudumie. Nimekaa ndani.

Jumamosi, 15 Machi

Sikumwambia Mama. Ni yeye aliyeniambia.

Tulikuwa tunakunja nguo. Akasema bila kunitazama, umemwona, sivyo? Nikasema nimemwona. Akaendelea kukunja.

Alijua. Siyo ya maji tu. Alijua tangu mwaka jana, Baba alipokwenda kunyoa akakosa njia ya kurudi, na Mama akamfuata, akajifanya wamekutana kwa bahati ili asione haya. Alijua aliposahau jina la kaka yangu kwenye simu akawa anasema "bwana mkubwa, bwana mkubwa" mpaka mwisho wa mazungumzo, na kaka akadhani ni utani. Asubuhi zote hizi Mama amekuwa akiamka kabla yake, anamtazama dirishani akimimina, anarudi kitandani kujilaza.

Nikapandisha sauti. Mama, nimekwama njiani na viti vya msiba! Nimemtukana mtu kituoni! Ningeweza kuzima mbele ya lori!

Akaliweka shati chini. Akasema, baba yako amenisitiri maisha yangu yote. Nilipougua akili baada ya kuzaliwa wewe, nilipokuwa siogi, sipiki, nakutazama kama mtoto wa jirani — hakumwambia mtu. Hata mama yake hakumwambia. Alikuwa akirudi safari anafua, anapika, anafungua mlango anasema mke wangu amelala. Leo ni zamu yangu, unataka nimtoe nje nimuanike?

Sikuwahi kulijua hilo. Miaka arobaini nimekaa nyumba hii.

Nikaokota lile shati nikalikunja mimi.

Jumatatu, 17 Machi

Tangi limeteremshwa tena, limeoshwa, limekaushwa juani, limerudishwa. Kabureta imesafishwa mpaka kwenye vitundu vyake vidogo, fundi anavipuliza kwa mdomo kama anaita ndege. Nimenunua mfuniko wa kufuli. Funguo naivaa shingoni.

Fundi hakuuliza maji yalitoka wapi. Aliusikiliza mlio muda mrefu, akazima, akasema: Mzee nisalimie sana. Kwa namna alivyosema, anajua.

Jumatano, 19 Machi

Hospitali. Mama alimwambia Baba tunakwenda kupima presha, wote watatu.

Daktari ni kijana, mpole. Akamuuliza mwezi huu ni mwezi gani. Baba akasema, daktari, wewe mwenye kalenda ukutani hujui, mimi nitajua? Tukacheka, hata nesi. Akamwambia achore saa. Baba akachora duara zuri sana, la mtu aliyezoea usukani. Halafu namba zote akazirundika upande mmoja, zinabanana kama abiria, na upande wa pili mtupu. Akaitazama. Akajua kuna kitu hakiko sawa, lakini hakujua ni kipi. Akaniangalia mimi nimsaidie.

Nikatazama dirishani. Mungu anisamehe.

Daktari alizungumza na sisi kando. Ni ugonjwa wa ubongo, unaenda mbele, haurudi nyuma. Dawa ipo ya kuupunguza mwendo. Kuuzuia hakuna. Na asiendeshe gari. Hata mara moja, hata karibu.

Njia nzima Baba alikuwa anamsikiliza Shangazi akipanda mlima. Sasa anavuta vizuri, akasema. Fundi alikuta nini?

Uchafu kidogo tu, Baba.

Ndiyo, akasema. Uchafu mdogo unasumbua sana.

Alhamisi, 20 Machi

Baba kaja jikoni amefadhaika. Kuna mtu amemfungia Shangazi mdomo, atakufa kwa kiu. Alijaribu kuufumua mfuniko kwa bisibisi, ikateleza, kiganja kimechanika. Mama anamfunga kidonda huku anamwimbia taratibu, wimbo wa kubembelezea watoto. Sijui kama anajua kwamba anaimba.

Nimempigia kaka. Nikamweleza yote tangu mwanzo. Kisha akasema liuzwe gari. Nikamwambia gari ndiyo kazi yangu. Akasema utanunua jingine lisilomjua. Nikamwambia gari hilo ndilo linalomwamsha Baba asubuhi. Akasema, ndiyo hilo hilo litakalomlaza.

Kaka yuko mbali. Kwa mbali kila kitu kinaonekana kimenyooka.

Ijumaa, 21 Machi

Nimejaribu. Nimeamka naye, nikafungua boneti, nikamwambia Baba, leo tumnyweshee huku. Akashika kidumu, akamimina kwenye rejeta bila kumwaga hata tone. Akanieleza: usifungue ikiwa ya moto, mvuke utakutoa ngozi. Kila kitu sahihi. Tukasimama bega kwa bega, asubuhi nzuri, kuna hewa. Nikajisemea, kumbe inawezekana. Kila asubuhi nitasimama naye, basi.

Nikaingia kuvaa. Nilipotoka alikuwa nyuma ya gari na kile kidumu, anatafuta mahali pa kumimina.

Jumamosi, 22 Machi

Baba kaondoka na gari.

Nilikuwa naoga. Funguo ya tangi nilikuwa nayo shingoni. Ya kuwashia niliiacha juu ya friji. Nikasikia Shangazi anawaka — safi kabisa, mara moja, hana kikohozi wala nini. Nimetoka na taulo, geti liko wazi.

Laiti angezima. Ndicho nilichokuwa naomba, nimesimama barabarani na povu masikioni. Mungu wangu, mzimishe. Wiki zote hizi nahangaika apone, na leo naomba azime.

Mama hakulia. Alikaa kwenye kiti cha ukumbini, mkoba mapajani, kama mtu anayengoja kuitwa.

Nilimpigia fundi. Alifunga gereji, akachukua pikipiki ya mtu, akazunguka. Alimkuta upande wa pili wa mji, kwenye geti la ile bohari ya zamani ambako Baba alikuwa akipakia mafuta. Siku hizi ni ghala la mabati. Amesimamisha Shangazi sawasawa mbele ya geti, taa za tahadhari zinawaka, anangoja zamu yake. Mlinzi alikuwa mwungwana. Alimwambia Mzee, leo hatupakii. Baba akamjibu hakuna shida, nitangoja, nina watoto wanaonitegemea.

Fundi aliniambia hayo yote akiwa ameitazama ile funguo kifuani mwangu, siyo uso wangu.

Wamerudi salama, fundi akiendesha, Baba abiria. Lakini kioo cha pembeni cha kushoto hakipo. Kimevunjika kwenye shina. Na kwenye mlango kuna mchubuko mrefu wa rangi ya buluu ambayo siyo yetu.

Amegusa nini? Ukuta? Gari? Mtu mwenye baiskeli? Nimemuuliza kwa upole, nimemuuliza tena. Anasema barabara ilikuwa nyeupe, haina kitu.

Nimepita njia yote kwa miguu na kwa ile pikipiki aliyoazima fundi, natazama kando ya barabara. Nimeuliza wauza matunda, nimeuliza kituo cha polisi. Hakuna aliyeripoti kitu. Sijui kama hilo ni jibu.

Kaka anapanda basi leo hii.

Jumapili, 23 Machi

Naandika nikiwa jikoni, nimesimama. Wako sebuleni.

Kaka kafika asubuhi, macho mekundu. Tulikubaliana yeye ndiye atakayesema, kwa kuwa ni mkubwa: hutaendesha tena, Baba, na Shangazi anaondoka wiki hii. Mnunuzi amepatikana, atamtoa nje ya mji kabisa. Mimi nitakodi gari la mtu mpaka nipate jingine. Mama akatuambia, semeni, lakini msimseme. Tukaelewa.

Baba alioga, akavaa koti. Alimpokea kaka kwa mikono miwili, akamwita kwa jina lake, mara moja, bila kutafuta. Kaka alipolisikia jina lake akaanza kuharibika pale pale mlangoni.

Tukaketi. Kaka akasema Baba, tumekaa hapa… akaishia hapo. Akaanza tena. Akainuka, akaenda uani, namsikia kwa dirisha hili anafungua bomba ili tusimsikie. Mama anatazama mikono yake. Nikajua ni mimi. Nikafungua mdomo.

Baba akatutazama mmoja mmoja, kile kiti kitupu pia. Akavuta kiti chake karibu nasi. Ile sauti yake ya zamani, ya dereva anayempa moyo utingo barabara ikiwa mbaya.

Semeni tu, wanangu, akasema. Mimi ni mtu mzima. Nani amefariki?

Nikasema ngoja nilete chai.

Chai imeiva kitambo. Vikombe vinne viko kwenye sinia. Kule ndani anamuuliza Mama polepole kama ni mtu wa karibu, na Mama anamjibu ndiyo, wa karibu sana, na sasa namsikia anaanza kumpa Mama pole, anambembeleza, na viatu vya kaka vinarudi kutoka uani, na mimi bado